Kadi ya Mgonjwa Aitwaye Karani

9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umekaa chini. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, bado anashona sare za shule na bado anagombana na cherehani yake kama mke mwenza. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai shangazi yake ndiye mwenye dawa. Mimi nipo na baiskeli za watu. Alama za grisi kwenye karatasi unisamehe, nimenawa mara mbili.

Uliniambia nisipige simu, kwa sababu nyuma ya sauti yangu utasikia kikohozi usichotaka kukisikia. Ukaniambia nikiandika, nisimwandike mtu wa chumba cha nyuma. Sawa, nimekubali. Kwa hiyo nakuandikia habari za mbwa.

Ndiyo, mbwa, na ni ndani ya nyumba hii hii. Alikuja mwenyewe miezi minne baada ya msiba wa mama, akaketi mlangoni, akawa anamkagua kila anayeingia na kutoka kama anayeandika mahudhurio. Tukamwita Karani. Nani anamlisha usiniulize, umenikataza kumtaja. Shingoni ana kibati kilichochorwa jina lake kwa sindano, herufi ndogo hata sisimizi angeomba miwani. Unajua ni nani huandika hivyo, ndani ya mifuniko ya saa za wateja wake.

Shida ni kwamba sikio lake la kulia linanuka, anatikisa kichwa kutwa nzima, na kupe wamemjaa. Jirani anasema tumpake mafuta ya taa. Tufanyeje?

Mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Bado naishi juu ya zahanati ya wanyama, naamka na harufu ya dawa ya kupigia deki na nalala nayo. Wiki iliyopita mbwa wa mwanasheria mmoja alinitia meno mkononi. Nilimshona yeye kwanza, kisha nikajishona mwenyewe, na mwenye mbwa akaniuliza kama meno ya mbwa wake yameumia. Mwambie binti yako yake yataota. Msalimu wifi.

Kwa hiyo amefuga mbwa. Mtu aliyesimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba mkono unaoshika mbwa hautagusa udongo wa mkewe, leo amefuga mbwa! Nilicheka mpaka msaidizi wangu akapanda ngazi kuja kuniangalia. Wiki tano mama alilala kitandani, na mimi nikaitwa siku ya pili baada ya mazishi. Nilipofika, hata kitanda kilikuwa kimeshagawiwa. Hilo ndilo la mwisho kulisema juu yake, na wewe usinijibu.

Sasa mgonjwa. Mafuta ya taa mpake jirani. Kupe hatolewi kwa moto wala kwa mafuta; mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu na moja kwa moja, usimzungushe, maana kichwa kitabaki ndani na kidonda kitatunga usaha. Sikio lisafishe kwa pamba iliyoloweshwa dawa niliyokufungia, na usisukume kidole mahali usipopaona. Siku saba, asubuhi na jioni. Dawa ya minyoo nayo imo, utampa kila baada ya miezi mitatu.

Nimeweka na kadi. Kila mgonjwa wangu ana kadi yenye maswali sita, na mwenye mbwa huyajibu kwa mpangilio, bila kunipigia hadithi. Jaza, nirudishie.

Anakula? Anakunywa? Anajisaidia? Analala upande gani? Anajikuna wapi? Anaitikia akiitwa?

Dada yako.


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwetu ni wazima. Wifi yako amepata tenda ya sare za shule nyingine, kwa hiyo vifungo tunavikuta hadi kwenye wali.

Sikio la Karani limekauka. Kupe nimewatoa thelathini na mmoja, binti yangu alikuwa anawahesabu kwa sauti huku akifumba macho. Kadi hii hapa nimeijaza. Anakula, na anakula na vyetu. Anakunywa. Anajisaidia, tena kwa jirani, sina hakika kama ni kwa sababu ya yale mafuta ya taa. Analala upande wa kulia. Anajikuna popote, hasa wageni wakiwepo. Akiitwa haitiki, anageuza jicho moja tu.

Kuna jambo moja sijui kama nimekosea. Barua yako niliisoma kwa sauti ukumbini, na kuna mtu aliisikiliza akiwa amesimama nyuma ya pazia. Nilipofika kwenye yale maswali sita akasema, "Rudia." Zaidi ya hapo siandiki.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nina afya. Huku mvua imeingia ndani ya stoo na kulowesha bandeji zote, tunazianika kwenye kamba kama nepi.

Umekosea. Barua zangu usizisome kwa sauti. Wewe tangu utotoni unaua vitu kwa kuvipenda. Unakumbuka kifaranga ulichokibeba ndani ya shati kutwa nzima ili kisisikie baridi? Jioni ulimpa mama akifufue.

Karani anakula na vyenu, kwa hiyo amenenepa. Mshike mbavuni. Usipozihisi mbavu kwa vidole, punguza chakula chake kwa theluthi na umtembeze. Vitunguu asile. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, inapasuka vipande vyenye ncha. Na vidonge vya binadamu vya maumivu msimpe hata nusu, hata akilia. Najua kuna mtu humo ndani ambaye hawezi kuona kiumbe kikilia bila kukinyamazisha. Msafisheni meno kwa kitambaa.

Kadi mpya imo ndani.

Dada yako.


2 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimekaa kimya mwezi mzima na zaidi. Wifi yako yupo, binti yupo, meno yameanza kuchomoza.

Karani anaumwa. Si sikio wala kupe. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi alianguka ukumbini, kati ya meza na mlango. Upande wa kushoto umelegea wote. Mdomo umepinda, ukimpa uji unamwagikia kifuani. Anajikojolea, halafu anageuzia uso ukutani kwa aibu. Tangu siku hiyo haongei. Mimi na wifi yako tunambeba pamoja, na si mzito tena kama zamani.

Kadi nimeijaza. Anakula kijiko kimoja kimoja. Anakunywa akishikiwa. Analala upande wa kulia, ukimgeuza anarudi. Hajikuni, mkono hauna nguvu.

Dada, wewe umesomea mambo haya. Nifanyeje? Naomba usikawie kujibu.

Mdogo wako.


21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Mpelekeni hospitali, ile iliyo karibu kuliko zote, leo si kesho. Akirudi nyumbani, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata akikataa, la sivyo ngozi ya nyongani na visiginoni itaoza. Shuka ziwe kavu na zisiwe na mikunjo. Wakati wa kula aketishwe wima, uji uwe mzito, mwepesi utaingia mapafuni. Mtilie chakula upande wa mdomo ulio mzima. Mnyosheni viungo vilivyolegea asubuhi na jioni, taratibu. Akijichafua, msafisheni bila kuongea sana. Maneno ya kumbembeleza yanamdhalilisha zaidi.

Kadi imo. Salamu kwa wifi.

Dada yako.


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Tumefanya yote kama ulivyoandika. Nimebandika barua yako ukutani, na wifi yako anaifuata kama ratiba ya treni. Hospitali walimlaza siku tisa, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani, na tulielewa wanamaanisha nini. Mgongo umeanza kufanya kidonda ingawa tunamgeuza. Hamu ya kula inapungua kila siku.

Nitakuambia kitu kuhusu mbwa huyu. Kitanda tumekisogeza ili aone mlango. Kila ukifunguliwa anageuza kichwa, akiona ni mimi anakirudisha. Siku ya posta anakataa kulishwa mpaka mtu wa barua apite. Kuna mtu anamsubiri, na mimi nadhani ni yule anayeuliza maswali. Nakuomba, dada, njoo umwone. Siku moja tu, hata usikae chini, hata usivue viatu. Mimi nitasimama katikati yenu ikibidi.

Nalia ninavyoandika hivi na sioni aibu.

Mdogo wako.


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwamba nyote mpo. Mimi ni mzima.

Tangu Juni najua. Uliandika haongei. Mbwa gani huyo aliyekuwa akiongea? Lakini umeniuliza habari za mbwa, na mimi nitakujibu habari za mbwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiyo kazi niliyotukaniwa mbele ya kaburi bichi la mama yangu.

Mbwa mzee, upande mmoja umekufa, ana kidonda cha mgongo na hali chakula tena, huyo hatibiwi. Mwenye huruma humpumzisha. Sindano mbili tu, ya kwanza analala, ya pili haamki. Wenye mbwa huniuliza kama ataumia, nawaambia hapana, wanaoumia ni wanaotazama. Baadhi yao hutaka kumwita jina wakati ule. Mimi huwakataza. Ukimwita atajaribu kuamka.

Matandiko yake yachomeni. Kitanda mnaweza kukigawa siku hiyo hiyo, kwenu ni kawaida. Na usinisubiri. Mimi sikusubiriwa.

Kadi sikuweka. Mgonjwa wa namna hii hana haja nayo.

Dada yako.


9 Septemba

Dada,

Sisi tupo. Wifi yako yupo. Binti amekaa siku tatu bila kwenda shule, sasa amerudi. Shikamoo nitakuamkia siku nyingine, leo haitoki.

Baba amefariki tarehe 29 Agosti, saa nne asubuhi. Tumemzika kesho yake, pembeni ya mama. Hatukukusubiri, ulivyoagiza. Wewe uliitwa siku ya pili baada ya mazishi ya mama ukatulaumu miaka mitatu. Mimi nimengoja siku ya kumi, nikitaka ujue inavyokuwa mtu anapofanya kwa makusudi. Baba hakufanya makusudi. Mama ndiye aliyekataza usiitwe, akisema una mitihani na utaiacha. Baba alikatazwa kukuambia, na kama kawaida yake akatafuta neno baya la kufunikia, akalipata lile la mkono na mbwa. Nilimwahidi sitakuambia hili akiwa hai. Sasa hayupo.

Nikuambie na kosa langu. Tangu Machi nimekuwa nikimsomea barua zako, na kila palipoandikwa Karani nilisoma "Baba". Anakula, Baba? Analala upande gani, Baba? Asipewe vitunguu, Baba. Aliacha vitunguu, dada! Mtu aliyekula kachumbari miaka sabini. Ile ya kupunguza chakula kwa theluthi alisema, "Hajabadilika, anabana." Barua ya Juni nilimsomea mara nne, na hiyo haikuhitaji kubadilishwa hata neno.

Ile ya Agosti niliificha ndani ya koti la kazini. Nilisahau kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, na kwamba wifi yako alikuwa ametundika koti kwenye kitanda cha Baba ili alishone mfuko. Niliporudi nilimkuta amebana jichoni kioo chake cha kukuzia, kile cha kutengenezea saa, barua iko kifuani. Kuongea kulikuwa kumemrudia nusunusu. Nikaanguka magotini nikaanza kutunga uongo. Akanizuia. Akasema, "Nyamaza. Zote nilishazisoma. Wewe husomi vizuri. Kila ukifika kwenye jina la mbwa unameza mate." Kisha akasema, "Mwandiko wake bado mzuri. Hautetemeki." Kuanzia kesho yake hakufungua mdomo kwa chakula. Hatukuhitaji sindano zako.

Barua yako ya pili, ile yenye muhuri wa tarehe 11 Agosti, ilifika asubuhi ya mazishi, nikiwa nimeshika jeneza. Sikuifungua. Niliona moja ilitosha. Nimeiweka kwenye mfuko wa koti lake la juu tukafunga, na sasa iko chini pamoja naye. Ilisema nini sijui na sitaki kujua.

Karani ni mzima. Hajaugua tangu lile sikio, ananenepa tu. Amekataa kutoka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na mimi siwezi kumtazama tena. Nakuletea kwa dereva wa lori la mbao. Shingoni kwake kuna mfuko wenye kioo cha kukuzia. Baba alisema upewe wewe, utakitumia kutafutia kupe. Nimeweka na kadi yako moja niliyoikuta chini ya mto wake. Haijajazwa, imechafuka wino tu, nadhani alikuwa anapangusia kalamu.

Nduguyo wa mama mmoja.


4 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini mpo salama, wewe na wifi na binti. Marahaba ya ile shikamoo uliyoninyima, nimejiitikia mwenyewe.

Karani amefika Jumatatu, amelowa, ananuka mbao. Dereva anasema njia nzima alisimama. Nimempima. Kilo tano zaidi ya inavyotakiwa, fizi zimevimba kidogo, na lile sikio limeanza tena, mlikuwa hamsafishi. Msaidizi wangu alitaka kumwogesha, nikamwambia aondoke nitamwogesha mwenyewe. Hataki kula akiwa peke yake, kwa hiyo tunakula wote sakafuni.

Habari ya mama na mitihani nimeisoma. Mitihani ile nilifaulu. Unaweza kulicheka hilo.

Nilikitumia kioo kutafutia kupe, kama alivyoagiza. Nilipata wawili. Kisha kwa kuwa kilikuwa bado jichoni niliitazama ile kadi. Si uchafu wa wino, mdogo wangu. Kwenye kila mstari kuna maandishi, madogo kama yale ya kwenye mifuniko ya saa. Nakuandikia yalivyo, maana wewe uliishi naye na una haki ya kuyajua, na pia kwa sababu nataka uumie kama nilivyoumia.

Anakula? Anacholishwa.

Anakunywa? Akishikiwa.

Anajisaidia? Anasaidiwa. Mwana ana mikono mizuri, mwambieni.

Analala upande gani? Wa mlango.

Anajikuna wapi? Mkono haufiki.

Anaitikia akiitwa? Hajaitwa.

Nimeketi na hilo la sita tangu Jumatatu. Zahanati imefungwa, nimewaambia wenye mbwa nina homa. Miaka mitatu sikulitamka neno lile, na nilijua anasubiri, na nilipata raha kujua anasubiri. Hiyo ndiyo kweli yangu. Nilipotuma ile ya Agosti nililala vizuri siku saba. Siku ya nane nikashika kalamu tena.

Ile barua uliyoifukia ilikuwa fupi, mstari mmoja na tiketi yangu ya kuja huko, mnirudishie mkinitaka. Neno lake la kwanza lilikuwa Baba.

Sikio la Karani nalisafisha asubuhi na jioni, siku ya nne leo. Dawa ikiisha nitaanza nyingine. Nikimwita hageuki, anatazama mlango tu.

Dada yako.